Shajara ya mradi: nyimbo kumi na bendi isiyotulia

Januari 2025, Nashville

Mradi wenyewe kwanza. Kuna mtunzi mmoja, mwanamke wa mashariki mwa Kentucky, anayeandika nyimbo ambazo huku huitwa Americana: kantri ya zamani, blues, injili na bluegrass (muziki wa milimani wa fidla na mandolini), kila wimbo na mchanganyiko wake. Hana kampuni ya kurekodi wala meneja. Humu nitamwita Dada, maana ndivyo ninavyomwita hata ana kwa ana na ameshazoea. Mimi napiga besi, na ndiye ninayepigia watu simu. Lengo la mwaka huu ni santuri moja ya nyimbo kumi, irekodiwe bila mkopo wa mtu, na shoo za kutosha kuilipia.

Walioniomba niandike ni wapigaji wenzangu wa Dar na Nairobi, na swali lao huwa lile lile: bendi yenu ina watu wangapi? Jibu langu ni kwamba inategemea unauliza Alhamisi gani.

Kwa aliyekulia Dar jambo hili ni geni. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa kweli, wenye mshahara. Ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Mlimani Park, au Sikinde, ilipokuja 1978, ushindani ukawa wa kunyang'anyana watu. Mwimbaji akihama Sikinde kwenda Msondo, au kurudi, mji mzima ulikuwa na maoni. Hapa hakuna anayehama kwa sababu hakuna aliye wa mtu. Mpiga stili wetu wa kwanza (stili ni gitaa la kukaa nalo, lenye pedali) anapigia waimbaji wengine wanne, na kila mmoja wao anamwita "mpiga stili wangu".

Februari

Mwezi huu ulikwenda wote kwenye chati, yaani karatasi zinazomwonyesha mpigaji wimbo unavyokwenda.

Aliyeimba kwaya ya kanisani Tanzania akasoma d r m ubaoni ataelewa upesi. Nashville wana namba badala ya silabi, na namba zinahesabu kodi (chords) za gitaa, si sauti za waimbaji. Ukiwa ufunguo wa G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D, na 6 yenye kistari pembeni ni E ndogo (minor). Mwimbaji akiamka na mafua akataka kushuka hadi F, hakuna karatasi ya kuandika upya. 1 sasa ni F, tunaendelea. Mfumo huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Neal Matthews Jr. wa kundi la Jordanaires, aliyekuwa akipanga sauti za waitikiaji, kisha wapiga vyombo kama Charlie McCoy wakauchukua na kuupanua. Namba moja ni kipimo (bar) kizima. Namba mbili zilizopigiwa mstari chini zinagawana kipimo. Namba iliyozungushiwa umbo la almasi maana yake piga mara moja, uache ilie. Wimbo wa dakika nne unaingia kwenye nusu ya karatasi.

Hoja ikaanza hapo. Dada anataka chati ieleze kila kitu: fidla iingie wapi, stili ijibu mstari upi, ngoma ziache kimya wapi. Ameshachoka kusikia wimbo wake ukigeuka kila wiki. Mimi nasema chati ibebe mambo matatu tu: namba, mahali pa kusimama, na mwendo. Mpiga fidla mzuri wa mji huu ukimwandikia la kufanya atalifanya, tena vizuri, halafu utakuwa umemlipa ili asifikiri.

Tumekubaliana nusu kwa nusu. Nyimbo tano kila kitu kimeandikwa, nyimbo tano namba tupu. Tutaona zipi zitadumu.

Pembeni: mkono wa kulia wa Dada ndio chati halisi. Anapiga gitaa la kawaida kwa kidole gumba na shahada, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na shahada ikikwaruza zile nyembamba. Mpiga ngoma yeyote mwenye masikio akimtazama huo mkono kwa beti moja, ameshapata mwendo, na mara nyingi karatasi haitazami tena.

Machi

Orodha ya simu sasa ni hii: wapiga stili wanne, fidla watatu, ngoma watatu, mandolini mmoja, akordioni mmoja, na bwana mmoja wa piano anayepatikana Jumatatu peke yake. Besi ni mimi, isipokuwa nikiwa zamu ya kazi yangu ya ghala.

Watu wengi huku hutunza kalenda kwa ajili ya Broadway, mtaa wa baa za kantri katikati ya mji. Bendi hupiga hapo tangu mchana hadi usiku wa manane, zamu kwa zamu, na sehemu kubwa ya malipo ni kutunzwa na watalii. Ndoo inapitishwa na nyimbo zinaombwa kwa noti. Waliozoea kutunza kwenye taarab au kwenye dansi hawatashangaa, ila hapa anayetunza hapandi jukwaani kucheza na noti mkononi, naye mwimbaji hamtaji jina. Kwetu maana yake ni kwamba mwanamuziki mzuri Ijumaa na Jumamosi hapatikani kwa bei yetu. Shoo zetu ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Mpiga ngoma mpya amepatikana kwa njia ya kanisa. Kijana wa Bukavu, anapiga ibada ya Kiswahili kila Jumapili mchana na hajawahi kucheza kantri hata siku moja. Nilimwekea wimbo wa mgodi, ambao unataka mdundo wa treni: brashi juu ya ngoma ya snea, haraka, sauti chini, bila kupanda kabisa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Yaya, ule mama anataka nipige kadogo-kadogo hivi mupaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mdogo wangu."

"Na sebene itakuja wapi?"

Nikamwambia haiji. Alicheka, akapiga, na mkono wake wa kushoto ukawa mwepesi kuliko wa wote niliokuwa nao kwenye orodha. Mtu aliyezoea kushikilia sebene, ile sehemu ya kuchezwa ya muziki wa Kongo, kwa muda mrefu bila kuchoka hashindwi na mdundo wa treni; kazi ni ile ile ya kuvumilia, ila sauti imepunguzwa. Dada aliuliza nimemtoa wapi.

Aprili

Mvua, na shoo mbili ndogo East Nashville. Nyimbo zilizoandikwa kila kitu zilikwenda sawasawa mara zote mbili. Zile za namba tupu, moja ilipaa na moja ilipotea katikati ya beti ya tatu, ikajikuta kwenye kiitikio. Dada hakusema neno. Alinitazama tu.

Mei

Studio.

Chama cha wanamuziki cha mji huu, Local 257, kipo tangu 1902, na kipimo chake cha kazi ya studio ni kipindi cha saa tatu. Ndiyo maana mji mzima unarekodi kwa saa zile zile: saa nne asubuhi hadi saa saba, saa nane hadi saa kumi na moja, saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Studio yetu ni gereji iliyozibwa kwa mablanketi, lakini saa ni hizo hizo, kwa sababu mpiga stili anayetoka kwetu saa saba anatakiwa kwingine saa nane.

Tuliamua tusijifanye bendi moja. Nyimbo kumi zimegawanywa kwa vikosi vitatu. Cha kwanza kina stili, ngoma, besi na Dada. Cha pili kina fidla, mandolini na besi kubwa ya kusimama, bila ngoma. Cha tatu ni kila atakayefika Jumatatu, na hapo ndipo mzee wa piano anapoingia. Dada aliogopa santuri itasikika kama mkusanyiko wa watu wasiojuana. Nikamjibu kwamba watu wanaosikiliza santuri husikiliza sauti ya mwimbaji na mkono wake, na hivyo viwili havibadiliki. Lambchop, kundi la mji huu huu, wamepita miaka mingi wakiongezeka na kupungua kumzunguka mwimbaji wao Kurt Wagner, na hukosei kuwatambua.

Tumerekodi wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, Dada akiimba humo humo. Faida yake ni kwamba watu wanatazamana. Hasara ni kwamba sauti ya kila chombo inaingia kwenye maikrofoni ya mwenzake, na ukitaka kuitoa fidla baadaye, mzuka wake unabaki kwenye maikrofoni ya mandolini. Fundi mitambo alitumia maikrofoni ya utepe kwa sauti ya Dada. Aina hiyo husikia mbele na nyuma, lakini ubavuni ni kiziwi karibu kabisa. Akamgeuza Dada hadi ubavu wa maikrofoni ukaelekea ngoma. Ngoma zikapungua kama vile mtu amefunga mlango. Huo ujanja nawasihi wenye studio ndogo za nyumbani waujaribu kabla ya kununua povu la kubandika ukutani.

Kuhusu stili, kwa wasioijua: ni chombo cha kukaa nacho kama cherehani. Ina nyuzi kumi, kwa mtindo unaoitwa E9, chuma cha kuteleza mkono wa kushoto, pedali chini ya mguu na vigingi vya kusukuma kwa magoti. Weka chuma alama ya tatu, piga: unapata G. Kanyaga pedali mbili za kwanza bila kusogeza mkono: imekuwa C. Yaani kutoka 1 kwenda 4 ni kazi ya mguu, na ile safari ya kati, nyuzi mbili zikipanda huku nyingine zimetulia, ndiyo kilio kinachofanya watu waseme "hii ni kantri" kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa. Kwa hiyo ukiandika kwenye chati "stili ijibu hapa", hujaandika kitu. Kila mmoja wa wale wanne ana namna yake ya kufika kwenye 4. Mmoja anafika mapema, kabla ya kipimo. Mwingine anachelewa hadi unashika roho.

Kikosi cha kwanza kilimaliza nyimbo zake ndani ya vipindi vyake. Cha pili kilihitaji kipindi cha nyongeza, kwa sababu bila ngoma kila mtu anasubiri mwenzake, na mwendo unashuka. Niliomba nipewe kipande cha kadibodi cha kukanyagia. Kimo kwenye wimbo wa shangazi, ukisikiliza kwa makini.

Juni

Safari ya mashariki: Knoxville, kisha Bristol. Watu watatu kwenye gari, Dada, mpiga fidla na mimi, besi kubwa ikilala katikati yetu kama abiria wa nne.

Ukitoka Nashville kwenda Knoxville kwa barabara ya I-40 unapoteza saa moja njiani, kwa kuwa mashariki ya Tennessee ina saa nyingine. Anayepanga ratiba aandike saa zote kwa majira ya kule anakokwenda. Knoxville kuna redio ya WDVX ambayo mchana wa siku za kazi hurusha wanamuziki moja kwa moja mbele ya watu, kiingilio bure. Wanakuja wastaafu na chakula chao cha mchana, wanasikiliza kwa utulivu ambao baa hazina. Tuliuza CD nyingi hapo kuliko jioni yake.

Bristol ni mji mmoja ulio kwenye majimbo mawili. Mpaka unapita katikati ya State Street, upande huu Tennessee, ule Virginia. Mwaka 1927 mtayarishaji wa santuri Ralph Peer alifika na mitambo ya kurekodi, na ndani ya wiki mbili akawa amenasa sauti za kundi la Carter Family na za mwimbaji Jimmie Rodgers. Wenyeji husema huko ndiko kantri ilikozaliwa. Mimi huwa nawaongezea habari ya Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi wa North Carolina, aliyezunguka milimani na A.P. Carter wa kundi hilo kukusanya nyimbo: Carter aliandika maneno, Riddle alibeba tuni kichwani. Maybelle Carter mwenyewe, mpiga gitaa wa kundi, alijifunza mengi kwa kumtazama akipiga. Kwa hiyo kule kupokezana wapigaji ambako Dada anakuona kama dhiki ya zama zetu, kulikuwapo hata kabla ya santuri za kwanza kupoa.

Shoo ilikuwa nzuri. Nyimbo za ngoma tulizipiga bila ngoma, na wimbo wa mto ukageuka pole pole kiasi kwamba Dada aliongeza beti aliyokuwa ameifuta mwaka jana.

Julai

Fedha, kwa ufupi, maana ndizo mnaniuliza zaidi.

Kila mpigaji analipwa sawa, na analipwa kabla vyombo havijaingia garini. Dada anachukua kinachobaki. Kuna usiku hakikubaki kitu. Sheria hii ndiyo bendi yetu, kuliko chati, kuliko mazoezi. Orodha ya simu ni ndefu kwa sababu hakuna aliyewahi kusubiri malipo yake wiki ijayo.

Wimbo wa mto sasa una watunzi wawili, kwa sababu mpiga fidla aliandika tuni ya sehemu ya kati. Tumeandika karatasi ya mgawanyo nusu kwa nusu, sahihi mbili, kabla ya miksi. Kwa mwaka 2025 kiwango cha kisheria cha Marekani cha kunakili wimbo kwenye santuri kilikuwa senti 12.7 kwa wimbo usiozidi dakika tano. Tukitoa santuri 300, wimbo huo unazaa dola 38 na senti 10, na nusu ya mpiga fidla ni dola 19 na senti 5. Alicheka nilipomtajia. Nikamwambia atie sahihi tu. Wimbo ukija kuingia kwenye filamu hakuna atakayecheka.

Redio za kawaida za Marekani hazimlipi mwimbaji wala mpigaji, zinamlipa mtunzi tu kupitia mashirika ya haki za watunzi: ASCAP, BMI na wenzao. Redio za intaneti na za setilaiti hulipa kupitia shirika la SoundExchange: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwenye mfuko wa wapigaji na waitikiaji. Hiyo 5 haiji kama majina hayajulikani. Kwa bendi isiyotulia kama yetu, daftari la nani alipiga wapi ni pesa za watu, na ninalitunza kwa kalamu na kwa kompyuta.

Spotify tangu 2024 hailipi rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Nyimbo zetu mbili za zamani hazijafika. Tunauza mkononi.

Agosti

Jambo hili limebadilisha santuri. Fidla ya kikosi cha pili imechukuliwa na msafara wa mwimbaji mkubwa hadi Novemba, na wimbo wa shangazi ulikuwa bado una kipande cha kurudia. Tukamwita mpiga stili wa nne kwenye orodha, yule anayechelewa. Hakuwa ameusikia wimbo. Chati yake ilikuwa namba tupu, nusu karatasi, almasi mbili. Aliuliza swali moja: "Huyu shangazi yu hai?" Dada akasema hapana. Basi akapiga mara moja, akiingia baada ya kila mstari kuwa umeshakwisha, kamwe si juu ya neno.

Dada alisikiliza, akatoka nje, akarudi akasema ile ya fidla tuiache.

Kati ya nyimbo tano zilizoandikwa kila kitu, mbili zimebaki kama zilivyoandikwa. Zile tatu tumefuta maelekezo tukaacha namba na mahali pa kusimama. Na Dada naye amenishinda sehemu moja: wimbo wa mgodi ulihitaji kimya cha vipimo viwili kabla ya beti ya mwisho, na kimya hakiwezi kuachiwa mtu aamue. Nimekiandika kwa wino mwekundu.

Septemba

AmericanaFest, tamasha la Americana la kila mwaka. Chama cha Americana, kilichoanzishwa 1999, hukusanya watu mjini wiki nzima, na tuzo hutolewa Ryman, ukumbi uliojengwa 1892 kama nyumba ya ibada na bado una mabenchi ya kanisa. Wiki hiyo kila mpigaji mwenye mikono miwili amekodiwa. Wapiga stili wote wanne hawapo. Fidla hawapo. Kijana wa Bukavu naye amechukuliwa na mwimbaji wa Texas aliyemwona kwetu mwezi Aprili, na bei aliyopewa ni mara mbili ya yetu. Nilimpongeza kwa dhati, kisha nikamuuliza ana rafiki.

Tulipiga mchana mmoja dukani, Dada na mimi, gitaa na besi. Hatukualikwa rasmi na tamasha. Watu walisimama hadi mlangoni, wengine wakala sambusa za mama mmoja wa Kigoma niliyemkaribisha auze pale nje. Nyimbo zote kumi zilisimama kwa watu wawili. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia siku zijazo: wimbo usiosimama kwa gitaa na besi haupelekwi studio.

Oktoba

Miksi imekwisha, mastaringi (kusawazisha sauti ya mwisho) imekwisha. Tulibishana juu ya mpangilio. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hubeba vizuri kama dakika ishirini kila upande, na kadiri sindano inavyokaribia katikati, sauti za juu hufifia. Kwa hiyo wimbo wa mgodi, wenye brashi na vishindo, umefungua upande wa kwanza, na wimbo wa shangazi umefunga. Upande wa pili unaanza na piano ya Jumatatu.

Kwenye jalada tumeandika kila jina chini ya kila wimbo. Mchoraji alilalamika kwamba maandishi yamekuwa mengi na picha imebaki ndogo. Picha ikapunguzwa zaidi.

Santuri zinasubiri foleni ya kiwandani, na tutaziuza kwanza mkononi, kisha kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp katika moja ya zile Ijumaa ambazo wao huachia asilimia yao. Shoo ya uzinduzi ni Desemba, Louisville, Alhamisi. Besi nipo. Ngoma, yule rafiki wa kijana wa Bukavu, ameomba kuja mazoezini mara moja. Fidla anarudi Novemba lakini hajathibitisha. Stili wa nne amesema ndiyo, akaniambia nisimtumie rekodi, nimtumie chati tu.

Bado namtafuta wa mandolini.